Nyumba hii mko wangapi?

Mzee wa kanisa wa jumuiya yetu alikuja Jumamosi moja ya Januari, saa kumi na moja jioni, na daftari lake kubwa lenye jalada jeusi. Kila mwanzo wa mwaka wazee wetu hupita nyumba kwa nyumba kuhakiki idadi ya washarika: nani yupo, nani amehama, mtoto gani yuko kwenye mafundisho ya kipaimara, namba ya bahasha ya sadaka ni ileile au imebadilika. Alikaa, akapumua kidogo (mlima wa kwetu Kimara si mchezo kwa mtu wa miaka sabini), akafungua ukurasa wetu.

"Mama, nyumba hii mko wangapi?"

"Wanne," nikasema. Baba watoto, mimi, kijana wetu wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tatu.

Akaandika nne. Wakati huohuo dada wa kazi akatoka jikoni na sinia la chai, akaliweka mezani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Na wewe unasali wapi?"

"Mimi ni Mlutheri, baba. Nimetokea Njombe."

Mzee hakunisema neno. Aliikata ile nne kwa mstari mmoja, akaandika tano pembeni, halafu akaniuliza majina kamili ya dada. Nililijua moja. Miaka miwili na miezi minne amekaa kwangu, amemuuguza mwanangu malaria mimi nikiwa kazini, anajua baba watoto hali pilipili na mimi nachukia chai yenye tangawizi nyingi. Nililijua jina moja, na hilo lenyewe sikulitumia. Nyumbani kwetu yeye ni "dada", basi.

Dada akasema, "Ngoja baba." Akaenda chumbani kwake, akarudi na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara, na barua. Barua ilikuwa ya utambulisho, imeandikwa kwa mkono na mwinjilisti wa kwao, ina muhuri wa usharika, inauomba usharika wowote wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, utakaompata Dar es Salaam umpokee kama mshiriki wa Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki ileile aliyopanda basi kuja kwangu. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imeanza kuchanika.

Mzee aliisoma yote, polepole, akaiweka ndani ya daftari. "Tumechelewa kidogo kukupokea," akamwambia. "Utusamehe."

Alisema "tumechelewa", yeye ambaye hakuwa na kosa lolote. Mimi mwenye kosa nilikuwa nimekaa kwenye kochi nimeshika kikombe.

Nieleze Jumapili zetu zilivyokuwa. Ibada ya kwanza inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tunafunga geti. Mimi nina Umoja wa Wanawake baada ya ibada, baba watoto ana kwaya, watoto wana shule ya Jumapili. Kuna matangazo, kuna mnada wa matoleo pale nje, ambako mkungu wa ndizi na trei la mayai vinanunuliwa na kurudishwa na kunadiwa tena mpaka jua linawaka. Tukifika nyumbani saa sita tunakuta pilau mezani, kachumbari imekatwa, nguo za shule zimefuliwa ziko kambani. Tunashika mikono, tunashukuru kwa chakula. Dada yuko jikoni anasugua sufuria.

Usiku uleule baada ya mzee kuondoka nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kuwa ana barua. Hakujibu kwa uchungu wala nini. Alisema, "Mama, siku ya kwanza uliniambia Jumapili mnatoka saa kumi na mbili na nusu, mkirudi mkute chakula."

Ni kweli. Nilimwambia hivyohivyo.

Natamani niandike kwamba Jumapili iliyofuata mambo yalibadilika. Hayakubadilika. Tulimpa ruhusa aende ibada ya pili "akishamaliza kazi", na kazi za nyumba ya watu watano haziishi. Kati ya Januari na Kwaresima alifika kanisani mara mbili. Mimi nikajiona nimetenda wema.

Kilichonishika ni kitabu cha kijana wangu. Yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara, na wiki ile walitakiwa kuikariri sehemu ya Sala ya Bwana katika Katekisimu Ndogo, kitabu cha Martin Luther cha maswali na majibu ya imani. Alhamisi usiku nilikaa naye mezani, nimeshika kitabu, nikimsikiliza. Tukafika kwenye "Utupe leo riziki yetu". Luther anauliza riziki ni nini, halafu anaanza kutaja, na orodha yake ni ndefu: chakula, kinywaji, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mke au mume mwema, watoto wema, watumishi wema wa nyumbani, watawala waaminifu, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki, majirani. Kijana akakimbia kama anayeteremka mlima, akaruka kitu kimoja.

"Umeruka watumishi," nikamwambia. "Rudia."

Akarudia: watoto wema, watumishi wema. Na mimi nimeshika kitabu, kidole changu kiko juu ya neno lile, nasikia maji ya bomba yakimwagika kwenye karai jikoni, na bakuli zikigongana. Ilikuwa saa nne kasoro. Dada alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri.

Nilijifunza Katekisimu hiyo nikiwa na miaka kumi na nne, kule Machame, Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani waliwasili mwaka 1893, na ukoo wetu umekuwa wa Kilutheri tangu enzi za babu wa babu yangu. Naijua. Lakini usiku ule, kijana alipokwenda kulala, niliisoma kama mtu asiyeijua. Nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yanakipita siku zote. Luther alipoitoa mwaka 1529, juu ya kila sehemu aliweka maelezo kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hata sala za asubuhi na jioni ziko chini ya maelezo hayohayo. Na watu wa nyumbani, kwa wakati ule, hawakuwa baba, mama na watoto tu. Walikuwamo vijakazi, vibarua na wanafunzi wa ufundi, wote waliokula chungu kimoja.

Nikamkumbuka babu. Kwake palikuwa na kijana wa kukata majani ya ng'ombe, ambaye hakuwa wa ukoo. Jioni babu alipopiga kizingiti cha mlango kwa fimbo yake mara tatu, wote tulikaa mkekani, na kijana yule naye, miguu yake bado ina tope la mgombani. Kuna siku babu alimwambia yeye ndiye aombe. Sikumbuki aliomba nini, ila nakumbuka bibi aliitikia "Amina" kwa sauti ileile anayomwitikia mchungaji. Mimi nimesoma, nina kochi na kapeti, na nimeshindwa kufanya alichofanya mzee aliyeishia darasa la nne.

Tukaanza. Baba watoto nilimweleza usiku uleule, alinyamaza muda mrefu kisha akasema tu, "Kesho." Kesho yake saa tatu usiku tulimwita dada kwenye sala. Alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kitenge mkononi. Nikamwambia sogea huku kwenye kochi. Akasema, "Hapa panatosha, mama." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mume wangu hakumwambia asogee. Alichukua viti vya mezani, kimoja kimoja, akavipeleka karibu na mlango wa jikoni, na sote tukahamia huko. Tangu siku hiyo tunasalia pale, kati ya friji na mlango. Nafikiri ni jambo la busara kuliko yote aliyowahi kufanya ndani ya nyumba hii, na hakulisemea hata neno.

Tuna zamu. Mmoja anasoma neno, mwingine anaomba. Wiki ya pili zamu ya kuomba ikamwangukia dada. Alianza kwa sauti ya chini. Alimwombea mama mkwe wangu, kwa jina, na akataja goti lake la kushoto, kumbe anajua ni la kushoto. Aliwaombea watoto mitihani. Halafu akasema: "Bwana, uyakumbuke mahindi ya mama. Mbolea haikufika, lakini wewe wajua kuotesha."

Nilifumbua macho.

Hapa nataka kusimama, maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote, na ningependa kukiruka.

Kazini kwangu mimi ndiye ninayeandaa mishahara. Watu arobaini na watatu. Kwa miaka tisa sijawahi kuwachelewesha. Ikifika tarehe 25 fedha zimeshaingia, na ikitokea benki ina shida silali. Najua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, najua inataka mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na nimewahi kuitetea haki hiyo mbele ya bosi kwa ajili ya mlinzi wetu. Mshahara wa dada ni elfu themanini. Alikuwa ameniomba nimtunzie wa Oktoba na wa Novemba mwaka jana, autume wote kwa mkupuo kwa ajili ya shamba. Niliuweka kwenye bahasha ya kaki, droo ya kabati, chini ya vyeti vya watoto.

Mwaka huo nilikuwa nimeahidi laki tano kwa ajili ya jengo la kanisa. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, yalikuwa yanasomwa majina ya waliokamilisha ahadi. Nilikuwa nimebakiza laki moja na sitini. Jumamosi usiku nilifungua droo, nikatoa bahasha ya kaki, nikahamisha noti kumi na sita za elfu kumi nikazitia kwenye bahasha ya kanisa yenye namba yetu. Nikalamba gundi, nikafunga. Nilijiambia nitarudisha wiki ijayo.

Jina langu lilisomwa. Watu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata dada akaomba fedha yake, mama yake anasubiri mbolea ya kupandia, mvua zimeanza. Nikamwambia, "Subiri kidogo dada, mambo yamebana." Desemba tukapanda gari kwenda Machame kwa ajili ya Krismasi, kama Wachaga wote, yeye tukamwacha alinde nyumba. Januari ada. Februari nikawa nimeshaizoea hali ile, kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Nilikuwa nampa wa mwezi husika, na ile laki moja na sitini nikaipa jina la "ile nyingine".

Na katika miezi hiyo yote nilikuwa naongoza sala ya "Utupe leo riziki yetu".

Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nimewahi kuufundisha mstari huo kwenye jumuiya. Nilidhani unawahusu matajiri wenye mashamba makubwa. Kumbe ulikuwa unapiga kelele ndani ya droo yangu. Na sikuiiba kwa ajili ya nguo au sherehe, niliipeleka madhabahuni. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Sadaka ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Njombe ambaye hakujua kwamba amechangia mabati ya kanisa la Dar es Salaam.

Sala ilipoisha watoto walikwenda kulala. Nikamwambia dada abaki, na baba watoto abaki, kwa sababu hata yeye sikuwa nimemwambia. Nikaeleza noti zilipokwenda. Dada aliangalia chini akasema, "Mama, yameisha." Mume wangu akasema hayajaisha. Akachukua Biblia akatufungulia maneno ya Zakayo, mtoza ushuru aliyetubu: kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila, namrudishia mara nne. Tukapiga hesabu palepale kwa simu. Laki sita na arobaini.

Sikuwa nayo. Laki moja na sitini ya kwanza tuliitoa kesho yake, na nikamwambia dada wazi kwamba hiyo si toba, huo ni mshahara wake. Laki nne na themanini zilizobaki nazilipa elfu themanini kila mwezi, juu ya mshahara, kwa miezi sita, kuanzia Aprili. Haingii tena kwenye droo yangu. Inaingia M-Pesa yake, tarehe 25, pamoja na ya wale arobaini na watatu.

Nilikwenda pia kwa mzee wa kanisa kupunguza ahadi yangu ya mwaka huu, kutoka laki tano hadi laki mbili. Nilimweleza sababu. Alinisikiliza, akaandika mbili, akasema ataniombea.

Jumapili nazo ilibidi zivunjwe zijengwe upya. Amri ya Sabato ukiisoma yote kwenye Kutoka 20, si ule ufupisho tunaoukariri, inataja mpaka mjakazi na mgeni aliye ndani ya malango yako. Kumbukumbu la Torati inaongeza sababu: wapumzike kama wewe. Kwa hiyo kwetu sasa Jumapili hakuna pilau. Jumamosi jioni tunachemsha makande sufuria kubwa, wote watano tunachambua maharage mezani, na Jumapili kila mmoja anapasha lake. Watoto walilalamika wiki tatu. Nguo zinafuliwa Jumamosi, na kijana wangu anafua zake mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu tunafunga geti na nyumba inabaki tupu.

Pasaka dada aliomba kwenda kwao. Kabla ya hapo, Jumapili ya Matawi, alishiriki Meza ya Bwana. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Wapo akina mama wenzangu walioniambia namharibu. "Ukimzoesha hivyo atakukalia kichwani." Mmoja akasema kwa nia njema kabisa kwamba yeye wake ni kama mtoto wake, hana haja ya mambo ya mkataba na siku za mapumziko. Neno hilo, "kama mtoto wetu", nimeanza kuliogopa. Mtoto wangu simdai aamke saa kumi na moja. Mtoto wangu nikimkopa ananidai mbele za watu bila woga. Tukisema "kama mtoto" mara nyingi tunamaanisha hatumlipi kama mfanyakazi na hatumrithishi kama mtoto. Dada ni mfanyakazi, ana mkataba wa kurasa mbili tulioandika wote watatu, na mbele za Mungu ni dada kwelikweli, mshirika wa meza moja na mimi. Hayo mawili hayagombani. Aliyekuwa anayagombanisha ni mimi.

Aliporudi kutoka Njombe alinionyesha picha kwenye simu. Mama yake amesimama shambani, kofia ya sufu, khanga begani. Mahindi yanamfikia kiunoni, na mwezi ule yalipaswa kumpita kichwa. Majani yamekuwa ya manjano kuanzia ncha, njano inashuka katikati ya jani kama mtu amepitisha brashi. Nyuma yake, ng'ambo ya kijito, shamba la jirani aliyepata mbolea: kijani kibichi, refu, linafunga upeo wote wa picha. Nilimwomba anitumie picha ile. Akauliza ya nini. Nikasema nataka kuwa nayo.

Nimempigia mama yake simu mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa kusema. Mara ya pili nilisema, na akanijibu kwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye baridi: "Kamwene mama. Mwanangu anasema sasa anasali."

Leo ni tarehe 26 Juni. Jana nimetuma awamu ya tatu. Imebaki laki mbili na arobaini.